Raia au mpiganaji? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuripoti vifo katika uasi wa silaha

Kwa nini tuhangaike kutenganisha? Aliyeuawa si ameuawa tu?

Kwa mama aliyempoteza mwanawe, ndivyo ilivyo, na hakuna taarifa inayopaswa kuandikwa kana kwamba kifo cha mpiganaji ni habari njema. Hata hivyo, msomaji anayeambiwa kwamba watu 40 wameuawa kijijini hajaambiwa bado kilichotokea. Ikiwa wote 40 walikuwa na bunduki mikononi, yalikuwa mapigano. Ikiwa walikuwa wakulima waliotolewa majumbani mwao usiku, yalikuwa mauaji, na kuna mtu anayepaswa kushtakiwa. Idadi ni ileile, lakini tukio ni tofauti kabisa. Pande zote mbili za uasi zinalijua hilo vizuri, ndiyo maana kila upande hupigania zaidi jina la waliokufa kuliko idadi yao.

Raia ni nani hasa?

Kiswahili kinatuwekea mtego hapa. Neno raia lina maana mbili: mtu mwenye uraia wa nchi fulani, na mtu asiye askari wala mpiganaji. Katika vita baina ya nchi mbili mkanganyiko huo hauna madhara makubwa. Katika uasi una madhara, kwa sababu waasi wengi ni raia wa nchi ileile kwa maana ya kwanza na si raia kwa maana ya pili. Msemaji anayesema kwamba "jeshi limewaua raia wake" anaweza kuwa anasema kweli kwa maana moja na kupotosha kwa maana nyingine, pengine bila kukusudia. Taarifa inayotumia neno hili ni vyema ionyeshe mapema kwamba inakusudia maana ya pili.

Kwa maana hiyo ya pili, sheria humfafanua raia kwa kuwaondoa wengine: raia ni yeyote ambaye si mwanajeshi wa serikali na si mpiganaji wa kundi la silaha lililojipanga. Itifaki ya Pili ya Ziada ya mwaka 1977, yaani nyongeza ya Mikataba ya Geneva (sheria za kimataifa za vita) inayohusu migogoro ya ndani ya nchi, inasema katika Kifungu cha 13 kwamba raia analindwa isipokuwa, na kwa muda ule tu, anaposhiriki moja kwa moja katika mapigano. Maneno "kwa muda ule tu" yana uzito mkubwa, na tutayarudia.

Jambo moja huwashangaza wengi: katika mgogoro wa ndani, sheria haimpi mwasi hadhi rasmi ya mpiganaji kama ile aliyonayo askari katika vita baina ya nchi, na akikamatwa serikali inaweza kumshtaki kwa kubeba silaha. Kwa hiyo kuandika "mpiganaji" si kumpa heshima wala kuutambua uasi wake. Ni kueleza alichokuwa akifanya.

Je, kila ghasia ni vita? Waandamanaji wanaorusha mawe ni wapiganaji?

Hapana. Itifaki hiyohiyo inaziweka nje fujo, ghasia na vurugu za hapa na pale. Mahakama ya kimataifa iliyosikiliza kesi za iliyokuwa Yugoslavia ilieleza mwaka 1995, katika shauri la mshtakiwa Duško Tadić, kwamba mgogoro wa silaha wa ndani upo panapokuwa na matumizi ya silaha ya muda mrefu baina ya serikali na makundi yaliyojipanga, au baina ya makundi hayo yenyewe. Kabla ya hapo mambo huongozwa na sheria za kawaida za polisi na haki za binadamu, na neno mpiganaji halina mahali pa kukaa.

Tatizo ni kwamba uasi mwingi hauna siku moja ya kuzaliwa. Nchini Syria watu walianza kuandamana Machi 2011, wakapigwa risasi, baadhi wakachukua silaha, baadhi ya askari wakaasi, na ilipofika Julai 2012 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitamka kwamba mapigano nchini humo yamefikia kiwango cha mgogoro wa silaha wa ndani. Anayejumlisha vifo vya kipindi chote hicho katika mstari mmoja anachanganya vitu vya aina mbili. Kwa siku za mwanzo za namna hiyo, ni salama zaidi kueleza tendo: alikuwa anaandamana, alirusha jiwe, alifyatua risasi, alikuwa amesimama dukani.

Vipi kuhusu aliyewapikia waasi, aliyewabebea mizigo au aliyewapa habari?

Mwaka 2009 Kamati ya Msalaba Mwekundu ilitoa mwongozo unaotaja masharti matatu ili tendo lihesabiwe kuwa ni kushiriki moja kwa moja: liwe la kudhuru operesheni au uwezo wa kijeshi wa upande mmoja, au la kuua, kujeruhi na kuharibu watu au mali zinazolindwa, madhara hayo yatokane na tendo lenyewe na si kwa kuzunguka, na liwe limekusudiwa kuunufaisha upande mmoja dhidi ya mwingine. Kwa kipimo hicho, mwanakijiji anayewapikia waasi, anayewauzia nguo, anayewaimbia nyimbo za kuwasifu au anayekusanya michango yao bado ni raia. Mtu anayekaa kilimani na simu akiwaelekeza warusha makombora mahali msafara ulipo ameshiriki moja kwa moja, hata kama hajawahi kugusa bunduki.

Mwongozo huo haukukubaliwa na wanasheria wote, na majeshi kadhaa huona umebana mno. Lakini kwa mwandishi unatosha kumzuia asiandike kwamba mtu alikuwa mwasi kwa sababu tu "alikuwa akiwasaidia", maneno ambayo msemaji wa jeshi huyatamka kirahisi na ambayo, katika eneo linaloshikwa na waasi, yanaweza kumgusa karibu kila mtu mzima.

Na yule aliye mkulima mchana na mpiganaji usiku?

Hapa ndipo "kwa muda ule tu" yanapofanya kazi. Mwongozo wa 2009 unamtofautisha mtu mwenye kazi ya kudumu ya kupigana ndani ya kundi, ambaye si raia hata akiwa amelala nyumbani kwake, na mtu aliyejiunga na shambulio moja kisha akarudi shambani, ambaye hupoteza kinga yake wakati wa shambulio na kuipata tena baadaye. Kwa kuripoti, swali la kuuliza mashahidi ni dogo na mahususi: alikuwa anafanya nini saa ile alipouawa? Alichofanya mwezi uliopita kina nafasi yake katika taarifa, lakini kikae katika sentensi ya pili na kisiwe jibu la swali la kwanza.

Polisi, mgambo, askari kanzu na walinzi wa mitaa waandikwe upande gani?

Polisi wa kawaida anayeongoza magari au kuchunguza wizi ni raia kisheria, isipokuwa kikosi chake kimeingizwa jeshini au yeye mwenyewe anashiriki katika mapigano. Katika uasi mpaka huo huvunjika haraka, kwa sababu serikali nyingi huwatuma polisi kupambana na waasi kabla hazijawatuma wanajeshi. Mgambo anayelinda kijiji kwa niaba ya serikali, akiwa na silaha na amri za kupigana, ni mpiganaji. Mzee wa mtaa anayekesha na rungu kuwafukuza wezi si mpiganaji. Kwa maoni yangu, taarifa iliyo safi haiwachanganyi polisi na raia wala na wanajeshi, bali huwataja kwa jina lao: "polisi sita, wanne kati yao wakiwa katika doria ya kupambana na waasi." Msomaji ataamua mwenyewe.

Mwasi aliyejisalimisha kisha akapigwa risasi ni raia?

Si raia, lakini kuuawa kwake ni uhalifu. Kifungu cha 3, ambacho ni cha pamoja kwa Mikataba yote minne ya Geneva ya mwaka 1949, kinawalinda watu wasioshiriki katika mapigano, na kinawataja waziwazi wapiganaji waliotupa silaha chini na wale waliotolewa mapiganoni na ugonjwa, majeraha au kukamatwa.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloharibu orodha nyingi za waliouawa. Watetezi wa haki, wakijua kwamba mtu aliuawa amefungwa mikono, humwandika raia ili uovu wa kifo chake uonekane. Jeshi nalo, likijua kwamba alikuwa mpiganaji, humwandika "ameuawa katika mapigano" ili uovu huo usionekane. Wote wawili wamelazimisha jibu moja libebe maswali mawili. Orodha iwe na safu mbili tofauti: ya kwanza ieleze alikuwa nani, ya pili ieleze alikufaje. Mtu anaweza kuwa mpiganaji katika safu ya kwanza na mhanga wa uhalifu wa kivita katika ya pili, kama vile raia anavyoweza kufa katika shambulio ambalo halikuvunja sheria.

Sheria inasema penye shaka mtu ahesabiwe raia. Basi si tuwaandike wote wasiojulikana kuwa raia?

Kanuni hiyo ipo. Iko katika Kifungu cha 50 cha Itifaki ya Kwanza ya Ziada, ile inayohusu vita baina ya nchi, na ni kanuni njema. Lakini tazama inazungumza na nani. Inazungumza na mtu aliyeweka kidole kwenye kifyatulio, inamwambia kwamba kama hana hakika asipige. Inawalinda walio hai. Haikutungwa kwa ajili ya mtu anayehesabu maiti baada ya siku tatu akiwa na kalamu na muda wa kuuliza.

Ukiwahamishia wasiojulikana kwenye safu ya raia, umeongeza idadi bila ushahidi, na siku upande wa pili utakapotoa picha ya mmoja wao akiwa na sare na bunduki, orodha nzima itatiliwa shaka, pamoja na watoto waliomo. Ukiwahamishia kwenye safu ya wapiganaji, umefanya vibaya zaidi, kwa sababu umezinyima familia zao hata haki ya kuuliza. Kwa hiyo weka safu ya tatu, "haijulikani", na uiache wazi mbele ya macho ya msomaji hata ikiwa ndiyo kubwa kuliko zote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden, wanaotunza mojawapo ya kanzidata zinazotumiwa zaidi kuhusu migogoro, huandika kwa kila tukio vifo vya upande wa kwanza, vya upande wa pili, vya raia, na vya wasiojulikana. Vilevile huweka makadirio ya chini, ya juu, na yale wanayoyaona bora.

Taasisi nyingine huamua kwa makusudi kuwahesabu wenye shaka kuwa raia. Ni uamuzi unaoweza kutetewa, mradi mwandishi anayezitumia takwimu hizo autaje.

Jeshi linasema limewaua waasi 30. Wanakijiji wanasema wote walikuwa wanakijiji. Niandike nini?

Andika madai yote mawili, lakini usiishie hapo, maana kuyaweka madai mawili bega kwa bega na kuondoka ni nusu ya kazi tu. Kuna mambo yanayoweza kupimwa.

La kwanza ni silaha. Waasi 30 waliouawa wakipigana huacha bunduki, na jeshi lililobaki na uwanja huzikusanya na kuzipiga picha. Katika operesheni iliyoitwa Speedy Express, kwenye delta ya Mto Mekong nchini Vietnam, kuanzia Desemba 1968 hadi Mei 1969, divisheni moja ya jeshi la Marekani ilidai kuwaua maadui 10,899 na kukamata silaha 748. Hata kama waasi wa Vietnam walijitahidi kuondoka na silaha za wenzao, pengo hilo lilikuwa linapiga kelele, na baadaye uchunguzi wa ndani wa jeshi lenyewe ulikadiria kwamba maelfu ya waliouawa walikuwa raia. Kwa hiyo uliza: silaha ngapi, za aina gani, ziko wapi sasa?

La pili ni uwiano wa majeruhi na mateka. Mapigano ya kweli huacha majeruhi pande zote mbili. Taarifa ya waasi 30 waliokufa, hakuna aliyejeruhiwa, hakuna aliyekamatwa, na hakuna askari hata mmoja aliyekwaruzwa, inahitaji maelezo.

La tatu ni miili na mavazi. Nchini Colombia, askari waliwachukua vijana, wengi wao maskini waliodanganywa kwa ahadi za kazi, wakawaua na kuwavalisha nguo za waasi ili wahesabiwe kuwa ushindi wa kijeshi, kwa sababu ushindi ulilipwa kwa likizo, tuzo na vyeo. Baadhi ya maiti zilikutwa na buti zilizovalishwa kinyume, la kulia mguu wa kushoto na la kushoto mguu wa kulia. Februari 2021 mahakama maalumu ya amani ya nchi hiyo ilitaja watu 6,402 waliouawa kwa namna hiyo kati ya mwaka 2002 na 2008. Kwa miaka kadhaa watu hao waliandikwa katika taarifa rasmi kuwa ni waasi waliouawa vitani. Kwa hiyo sare pekee si ushahidi. Tazama kama tundu la risasi kwenye nguo linalingana na tundu kwenye mwili, kama nguo ina damu, kama mikono ina alama za kamba.

Shaka hiyohiyo iwahusu waasi, ambao wana sababu zao za kuvua sare, kuondoa bunduki kabla wapiga picha hawajafika, au kuwaita "wasaliti" wanakijiji waliowaua wao wenyewe.

Unaweza kuonyesha kwa mfano jinsi ya kumchambua mtu mmoja?

Chukulia mstari mmoja wa orodha ya kubuni: mwanamume, miaka 24, fundi wa pikipiki, alikutwa barabarani karibu na kizuizi cha jeshi, jeraha moja la risasi nyuma ya kichwa, hakukutwa na silaha, kwenye simu ya rafiki yake ipo picha ya mwaka jana akiwa ameshika bunduki.

Macho ya wengi hukimbilia ile picha. Lakini picha inasema tu kwamba siku moja aliishika bunduki. Haisemi ilikuwa ya nani, wala kama aliendelea nayo. Jeraha la nyuma ya kichwa linasema mengi zaidi, ingawa nalo halijibu swali la alikuwa nani. Tunauliza: nani aliuona mwili kwanza, na saa ngapi? Kuna kundi lililomtangaza kuwa mtu wake? Alizikwa na nani, na nani walikuja mazishini? Mteja wa mwisho aliyetengenezewa pikipiki alimwona lini? Tukiyapata majibu machache tu, bado tunaweza kuandika sentensi ya kweli: "Fundi wa pikipiki mwenye umri wa miaka 24 alikutwa amekufa karibu na kizuizi cha jeshi, akiwa na jeraha la risasi nyuma ya kichwa, jeshi linasema alikuwa mwasi, familia inakanusha, na mashahidi wawili waliohojiwa kila mmoja peke yake wanasema hakuwa na silaha." Katika safu ya hadhi anaingia "haijulikani". Katika safu ya mazingira ya kifo tumeandika tunachokijua, na ni kingi.

Je, umri na jinsia havitoshi? Wanaume vijana si ndio wanaopigana?

Havitoshi, na kuvitegemea kumeleta madhara. Mei 2012 gazeti la New York Times liliripoti kwamba serikali ya Marekani ilikuwa na njia ya kuhesabu iliyowachukulia wanaume wote wa umri wa kupigana waliokuwa katika eneo lililoshambuliwa na ndege zisizo na rubani kuwa wapiganaji, mpaka upatikane ushahidi wazi wa kinyume chake baada ya kifo. Kwa hesabu ya namna hiyo, raia wanaume karibu hawapo duniani.

Kumbuka mji wa Srebrenica nchini Bosnia, Julai 1995. Mtu anayetazama umri na jinsia peke yake angeona zaidi ya wanaume na wavulana 8,000 na kudhani ni hasara ya jeshi fulani. Walitengwa mbali na wanawake wao, wakauawa kwa makundi. Wanaume vijana hukamatwa zaidi vizuizini, huteswa zaidi, hutumwa zaidi kutafuta chakula wakati risasi zinalia, na kwa hiyo hufa kwa wingi zaidi hata wasipopigana.

Upande mwingine wa jambo hili ni kwamba orodha ya "raia" ambayo karibu yote ni wanaume wa miaka 18 hadi 40 inastahili kuulizwa maswali. Hesabu iliyotolewa na Umoja wa Mataifa Januari 2013 kuhusu Syria ilikuwa na majina 59,648, zaidi ya asilimia 76 wakiwa wanaume na asilimia 7.5 wanawake, wengine jinsia zao hazikutajwa. Waliotayarisha hesabu hiyo walisema wazi kwamba hawakuweza kuwatenganisha wapiganaji na wasiopigana. Tofauti ya jinsia ni sababu ya kwenda kuuliza zaidi.

Vipi kuhusu watoto wenye silaha?

Mtoto anayepigana ni mpiganaji wakati anapigana, na ni mhanga wa aliyemsajili. Kusajili watoto wa chini ya miaka 15 ni uhalifu wa kivita. Andika umri wake na andika yote mawili.

Tunaweza kutegemea orodha za mashahidi zinazotolewa na makundi, au maneno ya familia?

Neno shahidi nalo lina maana mbili kwetu, aliyeona na aliyekufa kwa ajili ya imani au harakati, na orodha za namna hii huwahusu wa maana ya pili. Kundi linapomtangaza mtu kuwa shahidi wake, yawezekana alikuwa mpiganaji, au mpishi wao, au mpita njia ambaye kundi linataka kujipatia heshima kupitia damu yake. Tafuta kama tangazo linataja cheo, kikosi au mahali alipopigania.

Familia hujua mengi kuliko mtu yeyote, lakini nazo zina hofu na mahitaji. Chini ya serikali inayowaadhibu ndugu wa waasi, familia itasema marehemu alikuwa raia. Mahali ambapo familia za askari hulipwa pensheni, huweza kuwa kinyume chake: nchini Bosnia, wachunguzi wa takwimu za vita vya 1992 hadi 1995 waligundua kwamba baadhi ya raia waliandikwa kuwa wanajeshi baada ya kufa ili wajane na yatima wao wapate malipo. Sitamlaumu mjane yeyote kwa hilo. Lakini ni sababu ya kutochukua rejista ya kijeshi kama neno la mwisho.

Waliokufa kwa njaa na maradhi wahesabiwe?

Wahesabiwe, lakini peke yao. Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, viliwaua Wazungu 15, na idadi ya Waafrika waliokufa hukadiriwa kuanzia 75,000 hadi zaidi ya 250,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Swali la raia au mpiganaji haliwagusi hao, maana njaa ilianza na watoto na wazee.

Katika Hali ya Hatari nchini Kenya, 1952 hadi 1960, serikali ya kikoloni ilitoa idadi ya Mau Mau 11,503 waliouawa, namba iliyorudiwa vitabuni kwa miongo kadhaa kana kwamba kila mmoja alikutwa na bunduki. Mwaka 2007 mwanademografia John Blacker, akitumia takwimu za sensa, alikadiria vifo vya ziada (vilivyozidi vile vya kawaida) miongoni mwa Waafrika kuwa takriban 50,000, karibu nusu wakiwa watoto wa chini ya miaka kumi. Namba hizo mbili hazijibu swali moja, na haifai kuziweka katika jedwali moja kana kwamba moja inaisahihisha nyingine.

Mashirika yanatoa jumla zisizolingana. Nichague ipi?

Kabla ya kuchagua, soma jinsi kila moja linavyohesabu. Shirika la kufuatilia haki za binadamu nchini Syria lenye makao yake Uingereza, ambalo takwimu zake zilinukuliwa karibu kila siku, katika miaka ya mwanzo liliwahesabu kuwa raia hata watu waliochukua silaha ilimradi hawakuwa wanajeshi walioasi. Wanajeshi walioasi ndio waliokuwa na safu yao. Shirika halikuficha jambo hilo, ila vyombo vingi vya habari viliandika "raia" bila maelezo, na wasomaji wakaelewa watu wasio na silaha.

Tofautisha pia hesabu na makadirio. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Peru ilikuwa na kumbukumbu za watu 23,969 waliouawa au kutoweka, lakini kwa kulinganisha orodha tofauti na kuona majina mangapi yanajirudia, ilikadiria mwaka 2003 kwamba waliokufa katika mgogoro wa ndani wa nchi hiyo kati ya 1980 na 2000 walikuwa 69,280. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulitumia njia ya aina hiyo na kukadiria kwamba raia 306,887 waliuawa Syria katika miaka kumi ya kwanza. Ukinukuu, sema "wanakadiriwa". Neno hilo moja hubadilisha maana ya sentensi nzima.

Kuna maneno ya kuepuka?

Yapo. "Wameangamizwa" ni neno la wadudu na la matangazo ya ushindi, andika "wameuawa". "Wamepoteza maisha" humficha aliyeua, na hufaa zaidi ajali na mafuriko. "Magaidi" ni hukumu; likiwa neno la msemaji, liwekwe ndani ya alama za kunukuu na jina lake. "Raia wasio na hatia" ni msemo tuliouzoea mno, lakini kinga ya raia haitegemei wema wake: mwizi, mlevi na shabiki mkubwa wa waasi ni raia vilevile, na anayeongeza "wasio na hatia" anamwachia msomaji wazo kwamba wapo raia wanaostahili kupigwa risasi.

Je, tutaje majina?

Jina ndilo linalozuia mtu mmoja kuhesabiwa mara tatu au kutohesabiwa kabisa, kwa hiyo lihifadhiwe kwenye kumbukumbu pamoja na jina la baba, umri na mahali. Kulichapisha ni jambo jingine. Penye kisasi dhidi ya familia, uliza ndugu kwanza, na kama hamna namna ya kuwauliza kwa usalama, lisichapishwe.

Baadaye tukigundua tulikosea, tufanye nini?

Sahihisheni mahali palepale, kwa tarehe, na mseme ni nani amehamishwa kutoka safu ipi kwenda ipi na kwa ushahidi gani. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba vita vya Bosnia viliua watu 200,000. Kituo cha utafiti cha Sarajevo kilichofuatilia jina baada ya jina kilifika, katika chapisho lake la mwaka 2013, kwenye watu 95,940: raia 38,239 na wanajeshi 57,701. Waliofanya kazi hiyo walilaumiwa kwamba wanapunguza mateso ya watu wao. Lakini kila mmoja katika orodha yao ana jina, na ndugu anayeona kwamba mtu wake ameandikwa vibaya anaweza kuja na karatasi yake mkononi, na mstari huo ukafunguliwa upya.